Sura ya Tisa: Tairi ya Mita Mbili na Sitini na Mbili

Siku ya tatu tangu Nyamvula Mwero auawe, Inspekta Philister Odera alirudi kwenye barabara ya udongo nyuma ya Mtongwe, akamwambia Koplo Bonface aondoe turubai lililofunika alama za tairi.

Bonface aliliondoa huku akinung'unika. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Karisa, shemeji wa marehemu, alikuwa ndani ya seli ya kituo cha Likoni tangu Jumatatu usiku, pikapu yake imeegeshwa uani, na kesho saa tatu asubuhi angesimama mbele ya hakimu asomewe shtaka la mauaji. Mashahidi wanne walimsikia wiki iliyopita akimwambia Nyamvula, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, kwamba iko siku atampitisha gari juu. Maneno ya hasira hayo. Watu huyasema kila siku wakarudi nyumbani wakala wakalala, lakini Karisa neno lake lilikuwa limetimia.

"Nilishapima hapa, afande," Bonface alisema. "Upana wa alama ni sentimita ishirini na sita na nusu. Tairi ya Karisa imeandikwa milimita mia mbili sitini na tano. Hesabu ni moja."

"Ulipima upana peke yake?"

"Kuna nini kingine cha kupima?"

Philister aliipandisha suruali yake magotini akachuchumaa. Turubai lilikuwa limezuia mvua ya juzi, na udongo chini yake ulikuwa umekauka ukashika umbo. Alama ziliteremka kwenye korongo, zikakata kona kali kushoto, zikapanda tena. Pale kwenye kona ndipo Nyamvula alipokutwa Jumatatu magharibi, na mzigo wake wa kuni kando. Nyonga ilikuwa imevunjika, damu imevujia ndani. Daktari aliandika kwamba aligongwa kama saa kumi jioni, akakaa hai karibu saa nzima. Hiyo saa nzima ilimkera Philister kuliko kitu chochote katika faili lile. Aliyemgonga alisimama, maana alama zilionyesha gari lilisimama, kisha akaondoka.

Alifuata alama za upande wa kushoto kwa kidole. Meno ya tairi ile yalikuwa makubwa, ya kukanyagia tope, yamepangwa sawasawa. Pahali pamoja palikuwa na pengo. Jino moja halikuwapo. Aliendelea kusogea akiwa amechuchumaa vile vile, hatua kwa hatua, mpaka akaliona pengo la pili, kisha la tatu.

"Lete tepu," alisema.

Bonface alishika ncha moja kwenye pengo la kwanza, yeye akaivuta hadi la pili. Mita mbili na sentimita sitini na mbili. Wakapima tena, sitini na mbili. Wakasogea mbele, wakapima mara ya tatu.

"Tairi hii jino lake moja limekatika," Philister alisema. "Ikizunguka mara moja, pengo linagusa chini mara moja. Kutoka pengo mpaka pengo ni mzunguko mzima wa tairi. Twende tukaizungushe ya Karisa."

Uani mwa kituo walipaka chaki kwenye tairi ya pikapu, wakaisukuma mpaka chaki ikagusa sakafu mara mbili. Mita mbili na sentimita arobaini na nne. Philister akazikagua zote nne, na ya spea pia. Hakuna hata moja iliyokuwa na pengo, na meno yake yalikuwa madogo, yaliyolika kwa lami.

"Pengine alifunga nyingine, akamgonga mtu, akarudisha hizi," alisema Bonface. "Alikuwa na jioni nzima. Kufungua nati si kazi."

Haikuwa hoja mbaya, na Philister alijua mwendesha mashtaka angeisema neno kwa neno. Alihitaji mtu wa kumwambia kama tairi ya mzunguko ule ingeweza kukaa kwenye pikapu ile. Na Likoni nzima, ukiuliza habari za tairi, utaambiwa jina moja tu.

Fundi Munga alikuwa na karakana yake Timbwani, mzee wa miaka sitini na kitu, mzee wa kanisa pia, mwembamba, mikono mipana kama ya mtu mwingine. Alisifika kwa kufukuza wateja. Ukienda kwake kutaka tairi kubwa kwa sababu umeona gari la jirani limependeza, atakuuliza unakwenda wapi nalo, unabeba nini, na njia ya kwenu ni mchanga au ni mawe. Ukishindwa kujibu atakwambia nenda kafikirie. Waliofukuzwa walirudi, maana kazi yake haikuwa na lawama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Ni pancha, au mwataka mpya?"

"Tunataka elimu," Philister alisema, akamweleza ni ya kesi ya Nyamvula, akampa karatasi yenye vipimo viwili, mzunguko wa tairi na upana wa alama.

Munga aliishika karatasi ile kwa muda mrefu. "Hii mbili sitini na mbili, umepima mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mara tatu."

"Na huyu aliyeandika upana wa alama?"

"Ni mimi, mzee," Bonface alisema.

"Basi sikiza, baba." Munga alichukua chaki akaandika sakafuni: 265/70 R16. "Hii ndiyo tairi ya Karisa. Namba ya kwanza ni upana wa tairi yenyewe, ubavu hadi ubavu. Ubavu haugusi chini. Tairi ya mia mbili sitini na tano haiwezi kuacha alama ya mia mbili sitini na tano, itaacha pungufu. Tena alama hubadilika, ukipunguza upepo yatanuka, ukijaza yajikunja. Namba ya pili, sabini, ni kimo cha ubavu, yaani sehemu sabini katika mia ya ule upana. Ya mwisho ni rimu, inchi kumi na sita. Jumlisha rimu na kimo cha juu na cha chini, wapata urefu wa gurudumu kutoka chini hadi juu. Kutoka hapo wapata mzunguko."

"Na yangu ya mbili sitini na mbili?"

Munga hakuandika mara moja. Alifuta kwa kiganja mahali palipokuwa safi tayari. Kisha akaandika polepole: 285/75 R16.

"Ni hii. Kwa rimu ya kumi na sita, hapa kwetu hakuna nyingine inayokaribia."

"Yaweza kufungwa kwenye pikapu ya Karisa?"

Mzee alitazama chaki. Nje, mafundi wake wawili walikuwa wakigonga rimu kwa nyundo, na alipopaza sauti kuwaambia waache, sauti ilimtoka kavu.

"Nikisema yaweza?"

"Kesho asubuhi Karisa anasomewa shtaka la mauaji," Philister alisema. "Dhamana hatapata."

"Ana watoto?"

"Wanne."

Bonface alikuwa amejiinamia mbele, kalamu mkononi, kama anayengoja bao lihesabiwe. Munga alipangusa mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Haiingii," alisema. "Tairi hii yataka springi ziinuliwe inchi mbili na madigadi zilizofunika magurudumu zikatwe kwa ndani. Bila hivyo, ukikata kona tu, tairi yaila bodi. Pikapu ya Karisa naijua. Springi zake zimelala kama mgonjwa. Uifungie hizi, hata kivukoni haifiki."

"Utatia sahihi?"

"Lete."

Alitia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyejifundisha kuandika ukubwani. Bonface aliipokea karatasi. Kesi yake ilikuwa imemfia mkononi, na, tumpe haki yake, aibu ilimwingia usoni.

"Sasa, Fundi," Philister alisema, "ni nani hapa Likoni mwenye tairi za kipimo hiki?"

"Hapa si wengi."

"Uliyemfungia wewe?"

Munga alivuta daftari la kazi kutoka chini ya meza, akalifungua kwenye ukurasa bila kutafuta, akamgeuzia. Prado. Mwenyewe Nicanor Ouma, kampuni ya makontena, Changamwe. Imepokewa Jumamosi, mita ikisoma kilomita 118,402. Tairi nne za mtumba za 285/75, mali ya mteja. Imechukuliwa Jumanne asubuhi.

"Asante, Fundi. Mungu akubariki."

Munga hakuitikia amina.

Njiani Bonface alikuwa na mtu mpya tayari. Kila mara alikuwa na mtu tayari. "Huyu Nicanor ndiye. Tajiri wa bara, gari kubwa, anakuja huku kucheza kwenye tope wikendi. Amegonga mama wa watu akaenda zake."

"Utamkamata kabla hujamuona? Daftari ulilisoma mpaka mwisho?"

"Nasema tu, afande."

Nicanor Ouma aliwapokea kwenye lango la yadi ya makontena akiwa na kofia ngumu kichwani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, na alipoambiwa wamekuja kuona gari lake alidhani wanalitamani.

"Hiyo gari nimeipenda vibaya sana, madam," alisema akiwatangulia. "Nataka kwenda nayo mpaka Turkana Disemba. Ndiyo maana nilitafuta hizo tairi, ya kawaida huko inakatwa na mawe."

Prado ilisimama kwenye kivuli cha kontena, imeinuka kuliko zilizozaliwa nayo. Philister hakutazama rangi wala taa. Alisoma kibandiko cha kipimo cha tairi mlangoni. Alichuchumaa penye gurudumu moja baada ya jingine. La mbele kushoto, jino moja la nje halikuwapo, limekatika tangu shina.

"Hili lilikatika lini?"

"Lilikuja hivyo. Ni za mtumba. Fundi aliniambia halina shida, ni jino moja tu."

Philister alisimama. "Jumatatu saa kumi jioni ulikuwa wapi?"

Uchangamfu ulimtoka. "Hapa. Meli ilikuwa imeshusha, tulifanya kazi mpaka saa moja. Kwani kuna nini?"

"Nani alikuona?"

"Watu arobaini. Na hapo kwa geti tunaandikwa kuingia na kutoka."

Bonface alikwenda langoni. Alirudi akikuna shingo. Nicanor aliingia saa mbili kasorobo asubuhi kwa pikipiki ya abiria, akatoka saa moja na dakika tano usiku. Hakuna mahali alipotoka katikati.

"Ulikuja kwa pikipiki?" Philister aliuliza.

"Si gari lilikuwa kwa fundi? Nililipeleka Jumamosi, nikalichukua Jumanne."

"Lilipotoka kwake mita ilisoma ngapi?"

"Hiyo ninayo." Nicanor alitoa simu. "Mzee aliniambia tairi zikiwa kubwa mita inadanganya. Nikapiga picha ya dashibodi pale pale kwake, nikitaka kulinganisha baadaye."

Picha ilikuwa ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. 118,413.

Bonface alihesabu kwa vidole. "Kilomita kumi na moja. Ndani ya karakana?"

"Alilijaribu," Nicanor alisema. "Ndiyo kazi yake. Alisema hawezi kumpa mtu gari ambalo hajaliingiza kwenye makorongo na usukani umekunjwa mpaka mwisho. Aliponipa funguo akasema, nenda kijana, haikwaruzi hata uitie shimoni."

Winchi ililia juu yao, ikanyamaza. Philister aliiandika namba ile. Asubuhi ile alikuwa amemwambia mzee yule Mungu akubariki.

Hakutaka kukosea. Walivuka tena feri, wakasimama mbele ya karakana ya Timbwani bila kushuka, wakarudisha mita ndogo ya gari la polisi kwenye sufuri, wakaenda mpaka penye turubai na kurudi. Kilomita kumi na moja nukta nane.

"Haifiki," Bonface alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na furaha. Nyumbani kwake palikuwa na madirisha ya chuma yaliyochomelewa na shemeji wa Fundi Munga, na mkewe Bonface aliimba kwaya katika kanisa la mzee huyo. "Picha inasema kumi na moja. Kuna mita mia nane zimepotea. Hakwenda huko, afande. Alikwenda kwingine."

"Prado ile ilitoka kiwandani na tairi gani?"

Bonface alizima injini.

"Uliona kibandiko mlangoni. Sawa na za Karisa. Mita yake inahesabu mizunguko, na kila mzunguko inajua ni mita mbili na arobaini na nne. Lakini chini yake kuna tairi ya mbili sitini na mbili. Kila ikizunguka, gari limekwenda mbele kidogo zaidi na mita haina habari. Toa simu yako. Kumi na moja, zidisha kwa mbili nukta sitini na mbili, gawanya kwa mbili nukta arobaini na nne."

Bonface alibonyeza. Alitazama kioo cha simu, akabonyeza upya, kisha akamwonyesha. Kumi na moja nukta nane.

Karakana ilikuwa imefagiliwa. Mafundi walikuwa wameruhusiwa kwenda nyumbani, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa wake, na Fundi Munga ameketi juu ya rimu, amevaa shati safi la mikono mirefu. Sakafuni zile namba mbili za chaki zilikuwapo bado.

"Nilikuwa nawangoja," alisema.

Philister alimsomea haki zake. Alimwambia halazimiki kusema kitu, na kwamba akisema kitaandikwa. Mzee aliitikia kwa kichwa kila alipotua.

"Jumatatu gari la Nicanor ulilijaribia wapi?"

"Pale pale ulipopima."

"Asubuhi ulijua. Nilipokupa karatasi ulijua."

"Nilijua ulipoingia mlangoni."

"Kwa nini basi hukusema inaingia kwenye pikapu ya Karisa? Ningekuamini. Kila mtu angekuamini."

"Ndiyo sababu," Munga alisema. "Siku tatu nimeomba asije mtu anayejua kupima. Nikilala naomba, nikiamka naomba. Kisha ukaja na kipimo sawasawa, na mwenye watoto wanne yuko ndani. Ningesemaje, mwanangu? Niseme zaingia kwenye pikapu yake, na mimi ndiye niliyezifunga?"

Bonface alikuwa akiandika. Kalamu yake ilisimama, ikaendelea.

"Tueleze ilivyokuwa."

"Kulikuwa na mvua. Mvua nzuri ya kujaribia, makorongo yamejaa tope. Tairi kama hizi hazijaribiwi kwa macho, wazijaribu kwa sikio. Nilikunja usukani kushoto mpaka mwisho, nikaliteremsha korongoni, nasikiliza. Kichwa nimekitoa dirishani upande wangu, nasikiliza gurudumu. Mbele sikutazama. Nakwambia ukweli, sikutazama. Nikasikia kitu kimegonga upande wa kushoto. Nikasema, ah, imekwaruza, itabidi nikate tena."

Alijipangusa mdomo.

"Nikashuka. Nikazunguka nyuma ya gari, nikachuchumaa penye gurudumu la mbele kushoto, nikatia mkono kati ya tairi na madigadi. Vidole viwili vikapita. Haikuwa imekwaruza popote. Nikamshukuru Mungu."

"Kisha?"

"Kisha nikasikia naitwa."

Philister akauliza ni nani.

"Alikuwa ameangukia ng'ambo ya korongo, kwenye majani. Aliniita kwa jina. Alisema, Fundi Munga, ni mimi Nyamvula, mama Tinga, nipe mkono niinuke. Hakukasirika. Alidhani nimeshuka kwa ajili yake."

"Ukafanya nini?"

"Nikapanda gari."

Bonface aliiweka kalamu chini. Philister aliiokota, akaimalizia sentensi mwenyewe, akatia tarehe na saa. Kisha akampigia mkuu wa kituo, akamwambia Karisa atolewe seli jioni ile ile, asingoje kesho, na mtu ampeleke mpaka kwake asirudi peke yake gizani. Alizungumza kwa utulivu. Alipokata simu aliona mkono wake umeikamata ile karatasi ya vipimo mpaka imekunjika.

Lilibaki swali moja. Sheria haikulihitaji, na katika taarifa halikuwa na mahali pa kuandikwa. Aliliuliza hata hivyo, kwa sababu aliyeketi mbele yake alikuwa mtu wa vipimo.

"Fundi. Daktari anasema alikuwa na saa nzima. Kwa gari lile, na njia ya kurudi kwako inapita hospitali, ungemfikisha kwa muda gani?"

Munga alinyoosha mikono yake miwili ili Bonface amtie pingu. Hakutazama juu.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Nilizihesabu nikirudi."